Maana ya sheli ya mazungumzo, na jinsi msimbo unavyoitambua

Sheli ni programu inayopokea amri na kuzitekeleza, na huitwa sheli ya mazungumzo pale inapomsubiri mtu aandike amri, imjibu, kisha imsubiri tena. Sheli ileile inaposoma amri kutoka kwenye faili, au inapoendeshwa na cron (programu inayoanzisha kazi kwa ratiba) usiku wa manane, haiwi ya mazungumzo.

Bash, sheli inayotumika sana kwenye Linux, huandika hali hiyo katika kigezo maalumu, $-. Ukiandika echo $- kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, utaona herufi kama himBHs, na hiyo i ndiyo ushahidi unaotafutwa. Ukiiweka amri hiyohiyo ndani ya skripti, yaani faili la amri, na kuiendesha, i haimo.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Jaribio la [ -t 0 ] huuliza kama ingizo limeunganishwa na terminali, wala haliulizi kama sheli ni ya mazungumzo. Skripti uliyoiendesha kwa mkono wako itajibu ndiyo kwa swali hilo, kwa kuwa kibodi yako ipo, na bado $- yake haitakuwa na i. Lugha ya Python nayo hutenganisha mambo hayo: sys.stdin.isatty() huchunguza terminali, ilhali sys.ps1 huwapo tu pale Python yenyewe inapoendeshwa kwa mazungumzo.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika .bashrc, faili la mipangilio ya Bash, kwa sababu Bash hulisoma hata inapoitwa na seva ya SSH (njia ya kutuma amri kwenye mashine ya mbali) kutekeleza amri moja tu. Niliwahi kuweka humo mstari mmoja wa echo wa kunisalimu, na tangu hapo rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, ikakataa kunakili mafaili kutoka kwenye mashine ile, kwa kuwa salamu yangu ilijipenyeza katikati ya data ambayo upande wa pili ulitarajia kuisoma. Ndiyo maana .bashrc ya Ubuntu huanza na ukaguzi huu, unaoacha kusoma faili pale $- isipokuwa na i, na ambao nashauri usiufute kamwe:

case $- in
  *i*) ;;
  *) return;;
esac

Lakini kama skripti yako inataka tu kumuuliza mtumiaji iwapo ana hakika kabla ya kufuta faili, iachane na $- na itumie -t 0. Na kama inataka kuchapisha matokeo kwa rangi, itumie -t 1, kwani cha kujua hapo ni mahali maandishi yanakokwenda.