Mwanangu ni wa ngapi? Shule ya Ufilipino na shule ya Uingereza

Mama yule alikuja na bahasha ya kaki. Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, sare bado mwilini chini ya koti, na kabla hatujakaa vizuri akaimwaga bahasha mezani kwangu: medali mbili, utepe wa rangi ya dhahabu wa "heshima ya juu", na cheti chenye muhuri wa shule ya msingi ya Iloilo, Ufilipino. Kisha akanionyesha video kwenye simu. Jukwaa la shule limepambwa maua ya karatasi, majina yanasomwa kwa kipaza sauti, na bibi aliyevaa gauni la kanisani anapanda ngazi taratibu, anambandika mjukuu wake utepe kifuani. Mama mwenyewe aliitazama sherehe ile kwa simu, saa saba usiku za Uingereza, akiwa kwenye mapumziko ya zamu.

Akaniuliza swali ambalo mzazi wa Tanga, Kisumu au Bukavu angeuliza vilevile: "Na hapa sasa, mwanangu ni wa ngapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Shule ya msingi ya Uingereza haina wa ngapi.

Kazi yangu ni kuwapokea watoto wanaoanza shule za msingi Uingereza huku Kiingereza chao bado kichanga. Ninaingia mwaka wa 12 sasa, na kila mwaka wanakuja watoto wa wauguzi wa Kifilipino. Wauguzi hao wameibeba hasa huduma ya afya ya nchi hii. Hata chanjo ya kwanza ya Uviko ya Pfizer nje ya majaribio, tarehe 8 Desemba 2020 mjini Coventry, ilichomwa na muuguzi kutoka Ufilipino, May Parsons. Kwa sababu ya watoto hao nilikwenda Iloilo mwaka 2019 nikakaa wiki sita, niione shule wanayotoka.

Watu hupenda kusema Wafilipino ni wakali kwa watoto na Waingereza wanadekeza. Sikubaliani nao. Viboko shuleni, kwa mfano, vilipigwa marufuku nchi zote mbili karibu wakati mmoja: Ufilipino kwa sheria ya familia ya 1987, na Uingereza sheria ya kuviondoa shule za serikali ilipitishwa 1986 ikaanza kazi mwaka uliofuata. Tofauti kubwa ninayoiona mimi iko kwenye swali moja: mtoto anaposoma, nani anaambiwa? Ufilipino wanaambiwa ukoo na mtaa mzima. Uingereza wanaambiwa watu watatu, mtoto, mwalimu na mzazi, tena kwa sauti ya chini. Na kila mfumo una pembe yake ambamo mtoto asiyeelewa anachosoma anaweza kukaa miaka bila mtu kumgundua.

Nilifika Iloilo mwishoni mwa Mei, wiki ya Brigada Eskwela. Huu ni utaratibu wa wizara ya elimu ulioanza 2003: kabla shule hazijafunguliwa, wazazi, askari, wafanyabiashara na vijana wa mtaa wanakwenda kusafisha na kukarabati madarasa. Ni msaragambo kabisa. Baba mmoja dereva wa jeepney, daladala ya kule, alipaka rangi madawati siku nzima, kila dawati akiuliza kama ndilo atakalokalia binti yake. Mwalimu anamjua mzazi kwa jina, na mzazi anaijua shule kwa mikono yake.

Darasani ningeweza kufumba macho nikadhani niko shule yangu ya zamani. Mwalimu akiingia, watoto zaidi ya 40 wanasimama na kumsalimu kwa pamoja. Anayeitwa kujibu anasimama. Nyumbani mtoto anaushika mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Wanaiita mano, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, maana ana shikamoo yake. Heshima pale ni somo lenye kipindi chake kwenye ratiba. Juu ya hayo kuna kitu wanachokiita utang na loob, deni la moyoni: bibi amekulea, mama yuko ng'ambo anatuma hela, na wewe unalipa kwa maksi. Utepe unabandikwa na mzazi mbele ya watu kwa sababu ni wa mzazi pia.

Ndiyo maana sipendi kusikia walimu wa huku wakiucheka ule utepe. Lakini lazima tuusome vizuri. Kwa utaratibu uliowekwa 2016, mtoto mwenye wastani wa 90 hadi 94 anapata heshima, 95 hadi 97 heshima ya juu, 98 hadi 100 heshima ya juu kabisa. Hakuna nafasi ya kwanza wala ya pili, kwa hiyo nusu ya darasa inaweza kupanda jukwaani. Alama zenyewe zinapitishwa kwenye jedwali la kubadilishia: aliyepata 60 anaandikiwa 75, na 75 ndiyo ya kufaulu. Mama yule aliposema "wa ngapi" alikuwa anauliza jambo ambalo hata utepe ule haukulijibu.

Sasa weka pembeni yake matokeo ya PISA, mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15. Mwaka 2018 Ufilipino ilikuwa ya mwisho katika kusoma kati ya nchi na maeneo 79. Mwaka 2022 ilipata alama 347 katika kusoma, Uingereza 494. Hao ni watoto wa nchi inayopenda shule kuliko nchi nyingi nilizoziona! Watoto hawana kasoro, na wazazi si wavivu. Madarasa yamefurika hadi mijini shule nyingine zinaendeshwa kwa zamu mbili, asubuhi na alasiri. Vimbunga na joto hufunga shule siku nyingi. Na hadi sheria ya 2013 ilipoleta chekechea pamoja na miaka 12, elimu ya msingi hadi sekondari ilikuwa miaka 10 tu. Kisha ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na masomo ya ana kwa ana kwa shule zote za serikali yakarudi Novemba 2022. Katikati hapo watoto walisomea nyumbani kwa moduli, makaratasi yaliyochapwa ambayo mzazi aliyafuata shuleni na kuyarudisha yakiwa yamejazwa.

Yamejazwa na nani? Mtoto wa mama yule alipita darasa la kwanza na la pili kwa moduli, akikaa na bibi yake. Bibi alimpenda, na wino wa majibu mengine ulikuwa wa bibi.

Nilipompa kitabu cha Kiingereza alisoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti nzuri, anasimama penye nukta. Nikamuuliza yule kijana kwenye hadithi alikuwa anatafuta nini. Kimya. Nikarudia kwa maneno mepesi. Akatabasamu, akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo Waswahili tutaelewa haraka kuliko Waingereza. Lugha za Ufilipino zinasomeka kama zinavyoandikwa. Mwaka 1940 Lope K. Santos alitoa abakada, alfabeti ya herufi 20, na watoto wakaanza kuimba ba, be, bi, bo, bu, kama sisi. Mtoto aliyelelewa kwa silabi hizo akishazishika hufungua neno lolote, hata la lugha asiyoijua. Mimi nikiwa darasa la pili niliweza kukusomea gazeti zima lenye habari za bajeti, na nisingekuambia hata sentensi moja ilihusu nini. Kufungua neno na kulielewa ni kazi mbili. Lugha zetu zinaifanya ya kwanza kuwa rahisi, na kwa hiyo zinaificha ya pili.

Kiingereza hakina fadhila hiyo, na shule ya Uingereza imejipanga kulizunguka tatizo hilo. Mtoto anaingia darasa la awali, Reception, akiwa na miaka 4. Wafilipino wakifika hushtuka: watoto wanachezea mchanga, maji na matofali ya mbao, mwalimu amepiga magoti sakafuni. Wanadhani hakuna kusoma. Lakini kila siku kuna kipindi kifupi chenye nidhamu kali cha sauti za herufi, na mwaka unaofuata, Juni, kila mtoto anakaa peke yake na mwalimu na kusoma maneno 40. Nusu yake ni maneno ya uongo, ya aina ya "vap", yamewekewa picha ya zimwi pembeni ili mtoto ajue ni jina la kiumbe kisichokuwepo. Kusudi ni kumnyima nafasi ya kukisia au kukumbuka. Mtihani huo ulianza 2012, na mimi ninauona wa maana sana, kwa sababu unamkamata mapema mtoto anayesoma kwa kukariri picha ya neno. Watoto wangu wa Kifilipino wakifika umri huo, wengi wanayameza mazimwi hayo bila shida. Uzito wao uko mbele, kwenye maana.

Halafu inakuja ripoti. Shule ya Uingereza haisemi mtoto ameshindwa. Inasema yuko kwenye kiwango kinachotarajiwa, au amekivuka, au anakielekea. Mkutano wa mzazi na mwalimu ni dakika 10, viti vidogo, saa ukutani. Miaka yangu ya mwanzo nilimwambia mama mmoja kwamba binti yake "anaelekea kiwango". Akanishukuru, akatabasamu, akaenda. Alisikia anaelekea, akadhani ni sifa. Nilimaanisha amebaki nyuma ya wenzake karibu mwaka mzima na anahitaji msaada leo. Ilichukua muhula mzima kabla hatujaelewana, na muhula ule aliulipa mtoto. Tangu siku hiyo sitamki tena maneno hayo mbele ya mzazi bila kuyafungua.

Tena huku hakuna kurudia darasa. Ufilipino, kwa kanuni, mtoto akianguka masomo matatu anarudia. Uingereza mtoto anapanda na umri wake, ajue asijue. Mgeni naye anawekwa kwa umri. Mtoto wetu alikuwa amemaliza darasa la tatu akiwa na miaka 9, akaingizwa Year 5, darasa la watoto wa miaka 9 hadi 10. Kwa mama ilikuwa kama amerushwa darasa, akafurahi. Ukweli ni kwamba wenzake walianza na miaka 4, yeye na 5, halafu miaka miwili ya karatasi za korona katikati. Si zawadi hiyo. Ni pengo, na mzazi ana haki ya kuambiwa kwa lugha iliyo wazi.

Yako mengine ninayoyataja harakaharaka kwa wazazi wapya, pamoja na wa kwetu. Mahudhurio huku ni sheria: ukimpeleka mtoto kwenu kwa Krismasi siku tano za shule bila ruhusa, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukiilipa ndani ya siku 21, ikichelewa 160. Kazi ya nyumbani ni chache, ila lile daftari la kusoma linalorudi kwenye begi kila siku ndilo kazi yenyewe. Sahihi yako inasubiriwa. Na usiache lugha yako nyumbani.

Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu. Wafilipino wengi wakifika wanahamia Kiingereza mezani na kitandani, wakidhani wanamsaidia mtoto. Wametoka nchi ambayo yenyewe inayumba katika jambo hili: mwaka 2012 lugha za mama zilianza kufundishia chekechea hadi darasa la tatu kote nchini, na mwaka 2024 sheria ikaondoa ulazima huo. Iloilo nilimwona mwalimu akieleza mvuke na mawingu kwa Kihiligaynon, lugha ya mama ya pale, na watoto wa miaka 7 wakimbishia. Kumbishia mwalimu! Kesho yake somo lilelile kwa Kiingereza, darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu."

Basi kwa mama wa bahasha nilifanya hivi. Nilirudisha medali kwenye bahasha kwa mikono miwili, nikamwambia hizi zionekane sebuleni. Kisha nikamwita mtoto, nikampa kitabu, akasoma ukurasa. Nikamwomba mama, "Muulize wewe, kwa Kihiligaynon, imetokea nini." Akamuuliza. Mtoto akajibu kwa maneno mengi, mikono inapaa, na mama akawa ananitafsiria: karibu nusu ilikuwa hadithi ya kitabuni, nusu aliitunga kujazia asichoelewa. Mama alinyamaza kidogo. Akauliza dakika ngapi kwa siku. Nikasema 15, kabla ya zamu au baada, na maswali yote kwa lugha ya bibi.

Wiki za kwanza alikuwa akiitwa darasani anasimama wima, wenzake wanamgeukia. Mwalimu alimwambia si lazima. Akaacha kusimama, na kusema pia akaacha. Ilikuwa Machi alipoinua mkono bila kuitwa. Alitaka kujua kwa nini neno "knee" lina k kama hakuna mtu anayeitamka.

Mwalimu aliandika swali hilo kwenye kona ya ubao, akaliacha hapo wiki nzima.