Mafunzo ya mpunga yaanzie juu ya banio

"Mwalimu, mbona umetuachia uwanja wa mpira?" Mama mmoja aliniuliza hivyo siku tuliyopandikiza jaruba lake la mpunga kwa kamba. Ilikuwa kamba ya manila, tumeipiga mafundo kila sentimita 20. Wawili walishika ncha, wengine wakajipanga kwenye matope, na kila penye fundo tukachomeka miche miwili au mitatu, kisha kamba ikasogezwa nyuma. Yeye alizoea kupandikiza kiholela, miche imebanana, kwa hiyo jaruba lake lilionekana tupu mbele ya majirani. Wiki sita baadaye alinivuta mkono hadi kwenye tuta, tukachuchumaa, tukahesabu machipukizi ya shina moja. Yalikuwa 23. Siku ile ile aliwaita jirani zake waje kuhesabu wenyewe.

Kazi yangu ni kufundisha kilimo cha mpunga wa umwagiliaji, na mambo kama hayo ndiyo yaliyonifundisha mimi. Mkulima haamini karatasi, na ana haki. Akikosea msimu mmoja, watoto wake ndio watakaolipa. Anachokiamini ni shamba la mtu anayemfahamu, mwenye udongo kama wake, maji kama yake, na mfuko uliotoboka kama wake.

Ndiyo maana ya shamba darasa. Mfumo huu ulianzia Indonesia mwaka 1989, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikishirikiana na serikali ya huko, na chanzo chake kilikuwa sumu. Wakulima walikuwa wanapulizia dawa kwa ruzuku, dawa zikaua buibui na wadudu wengine rafiki, na mdudu mfyonzaji wa kahawia akabaki bila adui, akateketeza mpunga. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga. Lakini marufuku haimfundishi mtu kutofautisha mdudu rafiki na mharibifu. Basi wakulima wakaanza kukutana shambani kila wiki, kwa msimu mzima, wakichunguza mashina, wakichora walichokiona na kuamua wenyewe kama kuna haja ya kupulizia. Katikati ya miaka ya 1990 mfumo huo ukafika kwetu Afrika Mashariki.

Kwenye mpunga wa Tanzania tuna ndugu yake: mkulima kwa mkulima. Kituo cha Chekereni, nje kidogo ya Moshi, kilijengwa kwa ushirikiano na Wajapani, na kimeutumia utaratibu huo kwenye skimu nyingi za umwagiliaji. Wanachaguliwa wakulima wachache, wanawake kwa wanaume, wanafundishwa hatua zote kuanzia kitalu hadi mavuno, kisha kila mmoja anarudi na kuwafundisha wenzake. Hapo kwenye wanawake sipunguzi neno. Wanaopandikiza na kupalilia mara nyingi ni wao, lakini mwaliko ukiachwa wazi utaona wanaume watupu wamekaa mbele. Mume akijifunza mistari na mke asijifunze, mistari itaishia kwenye daftari.

Mambo yenyewe si makubwa. Inua matuta yazuie maji. Vuruga vizuri, kisha sawazisha jaruba, kwa maana penye mwinuko magugu huota na penye shimo miche huzama. Hamisha miche ikiwa na siku kama 21, isingoje kuzeeka kitaluni. Panda kwa mistari ili kipalizi kipite. Weka uria kwa wakati wake. Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningechagua kusawazisha, kwa sababu bila hilo hata mbolea haikai mahali pake.

Ila kuna sehemu ya habari hii ambayo kwenye ripoti za miradi huwa inapita haraka, nayo ndiyo inayonikera zaidi. Ni habari ya skimu ya Lower Moshi.

Skimu ile ilikamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, ikichota maji ya mito Njoro na Rau. Kwa mbegu ya IR54, mbolea na maji ya uhakika, mavuno yalitoka kwenye tani 2 hivi kwa hekta yakavuka tani 6. Sasa fikiria wewe ni mkulima wa kijiji cha juu, nje ya mpaka wa skimu. Mto unapita mlangoni kwako. Unaona magunia ya jirani yako wa chini. Utafanya nini? Walifanya ambalo ningelifanya hata mimi: walichimba mifereji, wakaomba mbegu, wakalima mpunga. Mbinu zilipanda mto zenyewe bila semina wala bajeti. Kama kipimo cha mafunzo ni ujuzi kusambaa, hapo tulifaulu kweli kweli.

Lakini mpunga unakunywa sana, na mto ni ule ule. Maji yaliyofika kwenye mabanio ya skimu, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mferejini, yakapungua, majaruba yaliyojengwa kwa gharama kubwa yakakaa makavu, ugomvi ukazaliwa. Nimewahi kusikia watu wa juu wakiitwa wezi wa maji. Siafiki. Mto ulikuwa wao pia, na walikuwa wakulima hodari waliojifunza haraka. Kosa lilikuwa la mpango uliochora mstari kuzunguka hekta zake na kusahau kwamba maji hayajui mstari huo. Hata skimu yenyewe ina wenzake wa chini: Rau hatimaye humwaga maji yake upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na baada ya hapo kuna mitambo ya umeme ya Mto Pangani.

Kwa hiyo ninaposikia neno ubia wa kilimo, swali langu la kwanza ni nani hakuitwa mezani. Serikali huwepo, mfadhili huwepo, muuza mbegu huwepo. Wa juu ya banio hayupo. Mara nyingi mnunuzi naye hayupo, na hilo lina gharama yake. IR54 ilijaza maghala, lakini haikuwa na harufu ya mchele wa Supa inayopendwa sokoni. Mbegu ya SARO 5 ilipotolewa mwaka 2002, ikizaa sana na kunukia kiasi, wakulima waliikimbilia bila kubembelezwa. Mlaji alikuwa amesikilizwa. Na penye ghala linalofuata Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, ambapo mkulima huhifadhi mpunga wake na kupewa stakabadhi, mkulima angalau anaweza kusubiri bei, asilazimike kumuuzia dalali mpunga ungali mbichi shambani kwa sababu ada ya shule imefika.

Siku hizi nikiitwa kwenye skimu mpya, siku ya kwanza sifungui darasa. Naomba viongozi wa wakulima tupande na mfereji mkuu hadi kwenye banio, kisha tuvuke tuendelee juu, kijiji kwa kijiji, tukisalimia. Tunauliza wanalima nini, wanafungulia maji lini, kiangazi wanakuwaje. Mara ya mwisho mzee mmoja alitusikiliza kimya akiwa ameegemea jembe, halafu akauliza kama kwenye hayo mafunzo na yeye atapata nafasi. Tulimwandika wa kwanza.