"Mwalimu, hiyo si nafasi ya mtu kama mimi"

Mwezi huu nimeisikia mara tatu, kutoka kwa waimbaji watatu wanaojiandaa kwa usaili wa tamthilia za muziki. Wa mwisho ni kijana wa miaka 22 aliyekulia kwenye kwaya, baritoni pana (sauti ya kiume ya kati) yenye falseto, yaani sauti nyembamba ya juu, safi isiyotetemeka. Nilimpa wimbo mkuu wa Phantom, yule mwanamume mwenye barakoa katika tamthilia ya muziki The Phantom of the Opera. Akaitazama karatasi, akanirudishia, hajaimba hata mstari mmoja. Ndiyo maana naandika.

Dhana: Nafasi kuu ni ya aliyeicheza kwanza, na wengine wote lazima wafanane naye.

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana inawafunga watu midomo kabla hawajaimba. Tumchukue huyohuyo Phantom. Mwaka 1985 sehemu ya kwanza ilipojaribiwa Sydmonton, nyumbani kwa mtunzi Andrew Lloyd Webber, aliyeimba alikuwa Colm Wilkinson, Mwairishi mwenye sauti ya roki. Santuri ya wimbo wenye jina la tamthilia ilipotoka mwanzoni mwa 1986, aliyeimba alikuwa Steve Harley, naye mwanamuziki wa roki. Hata nafasi yenyewe alishapewa kabla ya kunyang'anywa. Pazia lilipofunguka London, Oktoba 1986, nyuma ya barakoa alisimama Michael Crawford, mtu ambaye Waingereza walimjua kwa vichekesho vya televisheni. Wengi walishangaa. Leo Crawford ndiye anayeitwa "Phantom halisi", ilhali siku ile yeye ndiye aliyekuwa chaguo lisilotarajiwa.

Mwaka 1990 Los Angeles ilimpokea Robert Guillaume, Mmarekani mweusi, mahali pa Crawford. Sauti yake mnaijua: ndiye Rafiki wa filamu ya The Lion King ya 1994. Broadway, yaani majumba makuu ya tamthilia ya New York, ilichelewa sana: Phantom wake wa kwanza mweusi, Norm Lewis, alipatikana 2014. Kwa upande wa Christine, msichana anayependwa na Phantom, London ilimpata mweusi wa kwanza, Lucy St. Louis, mwaka 2021, na Broadway ikampata Emilie Kouatchou kama Christine mkuu 2022. Tamthilia ilipofungwa Broadway Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981, Christine wa onyesho la mwisho alikuwa Kouatchou.

Kuna anayeniambia, "Lakini Christine ni Mswidi." Ni kweli, hadithi inasema hivyo. Sarah Brightman aliyeianza nafasi hiyo ni Mwingereza, na hakuna aliyemdai uzawa wa Sweden. Madai ya nafasi hii yako kwenye noti: soprano (sauti ya juu ya kike) inayopanda hadi noti ya E ya juu kabisa mwishoni mwa wimbo wenye jina la tamthilia, na pumzi ya kubeba usiku mzima. Kazi yenyewe ni nzito kiasi kwamba New York, katika maonyesho manane ya wiki, Christine mkuu aliimba sita na mwenzake akaimba mawili. Huo ndio usaili. Rangi ya ngozi haijaandikwa popote kwenye mistari mitano ya noti.

Nirudi kwa kijana wangu. Nilipomshawishi kuimba, aliimba Crawford. Alinong'ona Crawford aliponong'ona, akavuta irabu zilezile, hata pumzi akaichukua palepale, ilhali kifua chake bado kilikuwa na hewa ya kutosha. Nikamsimamisha baada ya mistari minne. Nikaiweka simu yake juu ya piano, nikamwambia ayasome maneno tu, bila tuni, kama mwanamume anayembembeleza msichana asiondoke gizani. Mara ya tatu pumzi ilihama yenyewe, ikaenda mahali wazo linapoishia. Hapo ndipo nikamsikia yeye. Wanafunzi wangu wamechoka kuambiwa nami hili, nami sitaacha kulisema: wiki mbili za kwanza, marufuku kusikiliza rekodi. Jifunze kwenye noti.

Dhana: Kumpa nafasi asiyefanana na wa kwanza ni mtindo wa siku hizi.

Novemba 1967 mwimbaji mweusi Pearl Bailey aliingia tamthilia ya Broadway Hello, Dolly! pamoja na Cab Calloway na kundi zima la waigizaji weusi, katika nafasi aliyoianzisha Carol Channing mwaka 1964. Mwaka uliofuata alipewa tuzo maalumu ya Tony, tuzo kuu ya tamthilia za Broadway.

Dhana: Ukibadili jinsia ya mhusika, nyimbo zinavunjika.

Tamthilia ya muziki Company ya 1970 inamhusu mwanamume, Bobby. Mwaka 2018 Marianne Elliott aliiongoza London akiwa na Bobbie mwanamke, Rosalie Craig. Mtunzi, Stephen Sondheim, alikuwa hai, akaridhia na kubadilisha maneno panapohitajika. Wimbo wa bibi harusi anayepatwa na kiwewe asubuhi ya harusi alipewa Jonathan Bailey kama bwana harusi, na akashinda tuzo ya Olivier, tuzo kuu ya tamthilia za London.

Dhana: Basi yeyote acheze chochote.

Wanaosema hivi hudhani wananiunga mkono. Hapana. Tamthilia ya muziki Miss Saigon ilipoanza London mwaka 1989, nafasi ya Engineer, chotara wa Kivietinamu na Kifaransa, alipewa Jonathan Pryce, mzungu kutoka Wales, akapakwa rangi na kubandikwa kope ili afanane na Mwasia. Mwaka 1990 chama cha waigizaji cha Marekani kikamkatalia, mtayarishaji akatishia kufuta onyesho zima, chama kikalegea, na mwaka 1991 Pryce akafungua Broadway, safari hii bila kope zile. Waigizaji wa Kiasia walikuwa na nafasi kuu za kuhesabika kwa vidole, na mojawapo ikaenda kwa asiyepungukiwa na kazi. Norm Lewis alipovaa barakoa hakumfungia mtu mlango. Ukishindwa kuona tofauti hiyo, usipange wahusika.

Dhana: Lazima uwe mwimbaji wa kusomea.

Rex Harrison aliigiza tamthilia ya muziki My Fair Lady mwaka 1956 akiongea kwa kufuata mapigo zaidi ya kuimba, akapata Tony. Lakini nyimbo zake zilitungwa kwa kipimo chake. Nyimbo za Phantom hazikutungwa hivyo, kwa hiyo mwenye sauti asijifiche nyuma ya Harrison.

Kijana wangu anarudi Alhamisi. Nimemwambia aje na noti katika ufunguo ulioandikwa, asiushushe hata nusu hatua, na simu aiache nyumbani.