Kichocho kimo kwenye damu, mbona maabara wanataka choo?

Je, wajua kwamba minyoo wa kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu, lakini ukienda kupimwa unapewa kikopo cha choo? Mimi siku hiyo, hapa Mwanza, nilimnyooshea mtu wa maabara kidole (si kwa kumlaumu) nikisubiri atoboe. Akanipa kikopo. Nikajua hajanielewa.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: malaria imo kwenye damu na hupimwa kwa tone la damu, basi na kichocho vivyo hivyo. Kosa ni kudhani kila kilichomo kwenye damu huzunguka nayo. Vimelea vya malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu na kusafiri nazo hadi kidoleni. Chota kikombe cha maji ya ziwa pale Kirumba: ukijani wa mwani utauona, maana umetapakaa, lakini sangara humpati. Ukitangaza kwamba ziwa halina sangara, wavuvi watakucheka. Mnyoo wa kichocho ndiye huyo sangara. Ana urefu wa kama sentimita moja, na dume na jike hukaa wamekumbatiana kwenye mishipa midogo ya utumbo, wakati mwingine kwa miaka. Kidoleni wafuate nini?

Kipimo cha damu kipo pia, ila hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda kupambana na mnyoo, nazo hubaki hata baada ya kupona. Kwa mtu aliyekulia ufukweni, jibu hilo halimwambii jipya.

Kinachotoka nje ni mayai. Sehemu yake hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye choo. Mengine hunasa mwilini, na hayo ndiyo huumiza ini. Kwa njia ya Kato-Katz, iliyobeba majina ya Mjapani na Mbrazili, choo huchujwa kwenye wavu, hujazwa kwenye tundu la kibao linalochukua miligramu 41.7, kisha hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa gliserini. Kwenye darubini huhesabiwa mayai yenye mwiba ubavuni, na idadi huzidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Hesabu ya kabla na baada ya prazikwanteli huonyesha dawa imefanya nini. Lakini mayai hayajigawi sawasawa, hivyo sifuri ya leo si ushahidi wa kutosha. Ndiyo maana niliambiwa nilete kikopo kingine kesho yake.

Haya yote ni ya kichocho cha tumbo, cha huku ziwani. Kile cha kibofu, cha madimbwi ya vijiji vya ndani, mayai yake hutafutwa kwenye mkojo.

Ajabu ni kwamba hata cha tumbo siku hizi hupimwa kwa mkojo. Mnyoo huyu hula damu lakini hana tundu la nyuma, kwa hiyo mabaki huyatapika palepale kwenye damu. Chembechembe za matapishi hayo huchujwa na figo, na kipimo cha haraka cha mkojo huzinasa na kuchora mstari. Mstari ukitoka hafifu sana, hata wataalamu hubishana kama wauite kichocho au la.