Makala Moja Jaridani Haikupi Jina

Waandishi wengi chipukizi wanaamini kwamba makala fupi ikishachapishwa kwenye jarida kubwa, basi jina limeshatoka. Sivyo. Jina hujengwa kwa kuonekana tena na tena.

Mtazame Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa riwaya wa Uingereza. Mwaka 1833, akiwa kijana wa miaka 21 anayeripoti habari za Bunge la Uingereza, alidumbukiza andiko lake fupi kwenye sanduku la barua la Monthly Magazine, jijini London. Likatoka Desemba. Alipoliona, macho yalimlenga machozi kwa furaha. Lakini halikuwa na jina lake, wala hakulipwa hata senti. Msomaji angemjuaje?

Hakuacha. Agosti 1834 akaanza kutumia jina la Boz, akaendelea kuandika vipande kuhusu maisha ya London katika jarida hilo na magazeti mengine. Hapo ndipo watu walipopata wa kumfuatilia. Februari 1836 vipande hivyo vikatoka kama kitabu, na mwezi huohuo wachapishaji Chapman & Hall wakamfuata wenyewe, wakampa kazi ya hadithi ya kutoka kila mwezi.

Kwa hiyo chagua jina moja ulishikilie. Kabla hujakubali kuandika bure, mwombe mhariri aweke mstari chini ya makala: wewe ni nani, unafanya nini, unapatikana wapi. Matangazo yako yaishie hapo. Ukiyapenyeza ndani ya makala, mhariri atayakata, au ataitupa yote.