Je, wajua kwa nini kikapu cha Machi huko Marekani huamuliwa Novemba?

Machi 2024, kamati ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilipotangaza timu 68 zitakazowania ubingwa wa mpira wa kikapu wa wanaume wa vyuo vya Marekani, ligi ya Mountain West ilikuwa na timu 6 kwenye orodha. Mountain West si ligi ya vigogo. Ni vyuo vya magharibi, vya milimani na jangwani: San Diego State, Utah State, Nevada, Boise State, Colorado State, New Mexico na wenzao. Missouri Valley, ligi nyingine ya kiwango hicho cha kati, iliambulia timu 1 tu. Indiana State, iliyoongoza msimamo wa Missouri Valley, ilikuwa imeshinda mechi 28 na kupoteza 6, na bado ikaachwa.

Mashabiki wengi walielekeza hasira kwa kamati. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kesi hiyo ilikwishafungwa kabla ya mwaka mpya.

Msimu wa vyuo huanza mapema Novemba. Kwa takriban miezi miwili kila chuo hujitafutia wapinzani popote, halafu Januari ligi inajifungia ndani: wanachama wanachapana wenyewe kwa wenyewe hadi Machi. Hapo ndipo hesabu inapogeuka chungu. Msimu wa 2023-24 Mountain West ilikuwa na timu 11, kila moja ikicheza mechi 18 za ligi. Hizo ni mechi 99, yaani ushindi 99 na vipigo 99, hata wangecheza kama malaika. Ni kama upatu: pesa zinazunguka kwa wanachama walewale, mmoja anapokea leo na mwingine kesho, lakini mfuko wenyewe haunenepi. Ukitaka unenepe, pesa itoke nje, na kwa ligi hizi dirisha la nje ni Novemba na Desemba.

Kamati hutumia chombo kinachoitwa NET, kilichoanza msimu wa 2018-19. Kinapanga timu zote za daraja la kwanza, zaidi ya 350, kwa kuangalia umemshinda nani, wapi, na unafunga na kufungwa pointi ngapi kwa kila mashambulizi 100, baada ya kupima ugumu wa wapinzani. Kisha kila mechi inawekwa katika moja ya makundi manne. Kundi la kwanza, lenye thamani kuliko yote, ni la mechi dhidi ya timu za nafasi ya 1 hadi 30 ukiwa nyumbani, 1 hadi 50 kwenye uwanja huru, au 1 hadi 75 ukiwa ugenini. Tarehe haihesabiwi. Ushindi wa wiki ya pili ya Novemba, wachezaji wakiwa bado hawajazoeana, una uzito uleule wa ushindi wa mwisho wa Februari. Binafsi naona huo ni ukatili kidogo kwa timu zenye vijana wapya, lakini ndiyo kanuni.

Sasa tazama Mountain West walivyotumia dirisha lao. Tarehe 23 Novemba 2023, mjini Kansas City, Colorado State ilikutana na Creighton, timu iliyokuwa miongoni mwa 10 bora nchini. Matokeo: 69-48. Kumfunga kigogo kwa pointi 21 kwenye uwanja huru si bahati ya mpira mmoja wa mwisho. Desemba, Creighton hiyohiyo ikaenda Henderson, jirani na Las Vegas, ikapigwa 79-64 na UNLV. Utamu wa kisa ni kwamba UNLV hao walikuwa wameanza msimu kwa kufungwa nyumbani na Southern, chuo kidogo cha Louisiana, na Machi ilipofika hawakupata nafasi. Lakini ushindi wao haukupotea. Uliipandisha UNLV kwenye NET, na kila mwanachama wa ligi aliyekutana nayo baadaye alikuwa anacheza na mpinzani mwenye thamani zaidi. Creighton nayo iliendelea kushinda, ikamaliza ikiwa imepangwa na kamati namba 3 katika kanda yake ya mashindano ya Machi, na vipigo vyake viwili kwa Mountain West vikazidi kupanda bei.

Tarehe 29 Desemba San Diego State ikaenda Spokane, nyumbani kwa chuo cha Gonzaga, mahali ambapo wageni huenda kuchukua vipigo, ikaondoka na ushindi wa 84-74. Ligi ilipojifungia Januari, timu zake kadhaa zilikuwa juu, na kwa sababu ugenini kundi la kwanza hufika hadi nafasi ya 75, safari nyingi za ndani ya ligi zikawa mitihani yenye alama kubwa. Kwenda Albuquerque kucheza kwenye The Pit, uwanja wa New Mexico uliochimbwa ardhini hadi wachezaji wanacheza chini ya usawa wa barabara huku mashabiki wakiwa juu ya vichwa vyao, kukawa na faida ukishinda na hasara ndogo ukishindwa. Hiyo ndiyo siri: wakianza vizuri wengi, hata kufungana kwao hakuwaumizi sana.

Indiana State hawakuwa na kinga hiyo. Novemba walifungwa 102-80 na Alabama, mwisho wa Desemba wakafungwa 87-75 na Michigan State. Si aibu, ila hazina ikabaki tupu. Ndani ya Missouri Valley hawakuwa na pa kuijaza, kwa sababu wapinzani wengi walikuwa chini mno. NET iliwaweka ndani ya 30 bora, lakini kamati iliuliza umemshinda nani. Fainali ya ligi yao wakafungwa na Drake 84-80, na ile nafasi moja ambayo bingwa wa kila ligi huipata moja kwa moja, bila kusubiri kamati, ikaenda zake. Mwaka huo pia NC State ilitwaa kombe la ACC, ligi ya vigogo, bila kutarajiwa, ikameza nafasi nyingine ambayo kamati ingeweza kuigawa.

Mtu atauliza, kwa nini wasitafute vigogo zaidi? Vigogo hawataki. Kwao, kwenda kwenye ukumbi wa chuo cha kati ni hatari bila faida: ukishinda hakuna anayeshangaa, ukishindwa ni habari ya nchi nzima. Wako tayari kukulipa uende kwao, kwa mashabiki wao, na kurudiana hakuna. Yanayobaki ni mashindano ya viwanja huru ya Novemba, na mwaliko wake si wa kila mtu.

Wakosoaji wa Mountain West wana hoja yao. Machi ile timu sita zilishinda mechi 4 na kupoteza 6. San Diego State pekee ilifika 16 bora, ikang'olewa 82-52 na UConn, chuo alichochezea Mtanzania Hasheem Thabeet. Nevada iliongoza kwa pointi 17 dhidi ya Dayton ikafungwa 63-60. Indiana State, walioachwa, walifika fainali ya NIT, mashindano ya waliokosa, wakashindwa na Seton Hall kwa pointi 2.

Vyuo vyenyewe vimeshasoma hesabu. San Diego State, Boise State, Colorado State, Utah State na Fresno State zilikubali mwaka 2024 kuihama Mountain West kwenda ligi ya Pac-12 mpya kuanzia 2026, na Gonzaga nayo imo. Mpinzani ambaye San Diego State walimfuata Spokane Desemba sasa atakuwa mwanachama mwenzao, wa kukutana naye Januari na Februari.