Kwa Nini Daktari wa Moyo Humtembeza Mzee Kabla ya Kumpasua?

Tuseme baba yenu ana miaka 76. Mmemleta kliniki ya moyo kutoka Kayole, mmeamka alfajiri, na bahasha mliyobeba ina kila kitu: eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), picha ya kifua, majibu ya damu. Vali ya aota, yaani kilango kinachotoa damu moyoni kwenda mwilini, imekaza na inafaa kubadilishwa. Mnangoja daktari aifungue bahasha. Yeye anasema, "Mzee, hebu simama, twende mpaka pale mlangoni," kisha anabonyeza saa. Mnatazamana. Shida iko kifuani, miguu inaingiaje?

Je, wajua kwamba hatua hizo chache zinaweza kumwonyesha daktari jambo ambalo halimo kwenye bahasha?

Kipimo chenyewe hakina gharama. Sakafuni panawekwa alama za mita 5, na mzee anazitembea kwa mwendo wake wa kila siku. Mwaka 2010, Jonathan Afilalo wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 131 wa miaka 70 na zaidi waliokuwa wakienda kupasuliwa moyo katika hospitali za Kanada na Marekani. Waliochukua sekunde 6 au zaidi kumaliza mita hizo 5 walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kufa au kupata madhara makubwa baada ya upasuaji. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuhesabu umri, figo, kisukari na mambo mengine ambayo madaktari huyapima siku zote.

Sababu yake ni akiba. Msimu wa mvua huwezi kujua boma lipi lina ghala tupu, kwa maana kila nyumba inachuma mboga shambani. Kiangazi kikifika ndipo unajua. Upasuaji wa moyo ni kiangazi kikali: mfupa wa kifua unapasuliwa kwa msumeno, mara nyingi moyo unasimamishwa na mashine inashika kazi yake na ya mapafu, kisha zinafuata siku za kulala chumba cha wagonjwa mahututi. Ili kuponya kidonda, mwili hula misuli yake wenyewe. Mwenye misuli haba anaishiwa mapema. Anashindwa kukohoa kwa nguvu, makohozi yanabaki mapafuni, homa ya mapafu inaingia. Na kutembea ni shughuli ya mwili mzima: moyo, mapafu, misuli, macho, mishipa ya fahamu na ubongo vyote vinashiriki. Ndiyo maana mwendo unafichua hali ya ghala.

Kipimo kingine ni cha kiti. Mzee anakunja mikono kifuani, anasimama na kuketi mara tano bila kujishika popote. Akizidi sekunde 15, au akishindwa, anapewa alama ya udhaifu. Mimi naona hiki kimebuniwa kwa busara kubwa, kwa sababu baada ya upasuaji mgonjwa hukatazwa kwa wiki kadhaa kujisukuma kwa mikono, mfupa wa kifua usije ukaachana. Atainuka kitandani na chooni kwa nguvu za mapaja tu. Mwaka 2017 kundi hilo hilo la Afilalo, likifuatilia wagonjwa 1,020 wa vali ya aota, liliunganisha kipimo cha kiti na mambo mengine matatu ili kukadiria hatari: kumbukumbu, himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, na albumini, yaani protini ya damu inayoshuka mtu akikosa lishe au akiugua kwa muda mrefu. (Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwenye miinuko mwili huongeza himoglobini kidogo. Kwa hiyo namba inayoonekana ya kutosha hapa inahitaji kusomwa kwa makini.)

Kuna dalili ambazo familia huziona kabla ya daktari. Linda Fried, mtafiti wa afya ya wazee wa Marekani, na wenzake walizitaja tano mwaka 2001: kupungua uzito bila kukusudia, kama kilo 4.5 kwa mwaka, uchovu, mkono usioshika sawasawa, mwendo wa polepole, na kupunguza shughuli. Zikifika tatu, huo ni udhaifu wa uzeeni. Shosho ambaye nguo zinampwaya, ameacha kwenda sokoni na hawezi tena kukamua nguo, tayari ametuonyesha. Sisi tunasema, "Ni uzee tu." Si kweli. Yupo mama wa miaka 82 anayepanda ngazi na kikapu cha sukuma wiki, na yupo wa miaka 68 anayechoka kwa kuoga.

Wala udhaifu huo si hukumu. Vali iliyokaza yenyewe humchosha mtu, kwa hiyo huenda mwendo ukarudi ikitengenezwa. Kama si dharura, zinaweza kutumiwa wiki chache kujaza ghala: kutibu upungufu wa damu, kuongeza mayai, maziwa, ndengu na omena, kufanya mazoezi ya pumzi na ya miguu. Mazoezi hayo lazima daktari ayapange, maana vali iliyokaza sana inaweza kumwangusha mtu akijitahidi kupita kiasi. Pengine njia itabadilika: tangu daktari wa moyo Alain Cribier alipofanya hivyo mara ya kwanza mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, vali inaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja bila kupasua kifua. Na pengine mzee mwenyewe, akishaelezwa yote, atachagua dawa tu.

Kinachoniumiza ni kuona watoto wakiharibu kipimo kwa upendo. Wanamhimiza, "Baba, tembea haraka." Wanaficha mkongojo nyuma ya mlango. Akiulizwa anavyolala na anavyokula, wanamjibia. Tafadhali, mleteni na mkongojo wake, avae viatu vyake vya kawaida, mumwache ajibu. Semeni kama alianguka mwezi uliopita. Semeni kama husahau dawa, kwa sababu mwenye kumbukumbu hafifu ndiye huchanganyikiwa zaidi baada ya nusukaputi.

Baba yenu amechukua sekunde 7. Daktari anaandika, kisha anauliza nyumba iko ghorofa ya ngapi. Ya nne, na ploti haina lifti. Hapo mazungumzo yanahama kutoka moyoni hadi kwenye ngazi: nani kati yenu watatu anaishi chini, na ana chumba cha kumpa baba kwa miezi miwili.